Damu Hutembea Nasi: Desturi za Ayurveda na Mzunguko wa Damu

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na majirani katika wiki ya maadhimisho ya hekalu letu



Wenzetu waliotutangulia jukwaani wamekwisha kusimulia vizuri historia ya jengo hili, jinsi wazee walivyochanga, na jinsi majirani walivyosaidia kubeba mawe. Sisi wa kamati ya afya tumepewa kazi ndogo zaidi. Tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amekuja nalo hapa, awe ameingia kwa mlango wa mbele au wa uani, nalo ni damu yake na safari inayofanya mwilini.

Kila tunapoweka meza ya kupimia presha baada ya sala, kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: “Nile nini ili damu itembee vizuri?” Huuliza mzee na huuliza kijana, huuliza muumini na huuliza jirani. Ni swali jema. Ila tumeona kwamba wengi huanza kulitafutia jibu mdomoni, kwa kutafuta unga fulani, chai fulani au kidonge fulani, hali jibu lenyewe huanzia miguuni. Neno letu la leo ni hilo moja. Damu hutembea vizuri kwa mtu anayetembea; na desturi za Ayurveda zenye manufaa makubwa kwa mzunguko wa damu ni zile zinazoupa mwili mwendo, kiasi na utulivu. Desturi hizo ni rafiki wa daktari. Zikifanywa badala ya daktari, hugeuka kuwa hatari.

Safari ya damu

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika, na kwa siku moja hupiga mara 100,000 hivi. Damu itokayo moyoni hupita katika mishipa ya ateri, ikagawanyika katika vishipa vyembamba kuliko unywele viitwavyo kapilari. Huko huacha oksijeni na chakula, huchukua taka, kisha hurejea kwa mishipa ya vena.

Kwenda ni rahisi, kwa kuwa moyo unasukuma. Kurudi ndiko kwenye kazi. Damu iliyofika kwenye vidole vya miguu hulazimika kupanda hadi kifuani, na nguvu ya msukumo wa moyo ifikapo huko imekwisha kupungua sana. Kwa hiyo mwili umewekewa wasaidizi. Wa kwanza ni vali, yaani milango midogo ndani ya vena inayofunguka kuelekea juu tu, ili damu iliyopanda isiporomoke. Wa pili ni misuli ya shavu la mguu. Kila tupigapo hatua, misuli hiyo hukaza na kuikamua vena, damu ikapanda. Inapolegea, vena hujaa tena. Ndiyo sababu wako madaktari wanaoiita misuli hiyo moyo wa pili. Msaidizi wa tatu ni pumzi: tunapovuta hewa kwa kina, kiwambo kilicho chini ya mapafu hushuka, na damu ya vena huvutwa kuelekea kifuani.

Sasa tujiangalie. Mwenye duka aketiye juu ya stuli tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ameulaza moyo wake wa pili kwa saa kumi nzima. Hali ni hiyohiyo kwa fundi cherehani, kwa dereva wa daladala, kwa karani na kwa mwanafunzi aliyeinamia simu. Jioni viatu vinabana, soksi zimeacha alama, na miguu ni mizito kama magogo. Mtu hulalamika kwamba damu yake ni nzito au ni chafu, akaenda kutafuta dawa ya kusafisha damu. Lakini kazi ya kusafisha damu hufanywa na figo na ini, mchana na usiku, bila malipo. Damu ya mtu huyo haikuhitaji ufagio, ilihitaji hatua.

Hatari yenyewe si ya miguu kuvimba peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la damu, na kwamba karibu nusu yao hawajui. Watu wenye asili ya Asia Kusini, kama wengi wetu tulivyo, hupatwa na kisukari na maradhi ya moyo mapema kuliko watu wengine wengi, hata wakiwa si wanene wa kutazamika. Majirani zetu Waafrika nao huandamwa sana na shinikizo la damu na kiharusi. Kwa hiyo jambo hili halibagui kati ya anayesali hapa na anayesali msikitini au kanisani.

Walichokijua wazee

Elimu ya Ayurveda imejengwa juu ya vitabu vikubwa vya kale, vikiwemo Charaka Samhita, Sushruta Samhita na Ashtanga Hridaya cha Vagbhata. Vitabu hivyo husema kwamba mwili una tishu saba, na kwamba damu, iitwayo rakta, ni ya pili, ikitanguliwa na rasa, ambayo ni maji ya lishe yatokanayo na chakula. Husema pia kwamba ipo nguvu ya mwendo iitwayo vyana vayu, yenye makao moyoni, isambazayo lishe hiyo mwili mzima.

Hatupendi kuwasingizia waandishi hao elimu ambayo hawakuwa nayo. Njia ya damu kupitia mapafu ilielezwa katika karne ya 13 na tabibu Ibn al-Nafis, mzaliwa wa Damaski aliyefanya kazi Kairo. Na duara lote la damu, kutoka moyoni na kurudi moyoni, lilithibitishwa na Mwingereza William Harvey katika kitabu alichokitoa mwaka 1628. Heshima ya wazee wa Ayurveda iko mahali pengine. Wao waliitazama siku ya mwanadamu kwa makini sana, tangu anapoamka hadi anapolala, wakaipangia utaratibu uitwao dinacharya, yaani mwenendo wa siku. Na katika mwenendo huo yamo mambo ambayo vipimo vya leo vinayaunga mkono.

Mwenendo wa siku

Kwanza ni asubuhi na mafuta. Vitabu hushauri kuamka kabla ya jua kuchomoza. Kwa nchi zetu hizi zilizo karibu na Ikweta, ambako jua huchomoza kama saa kumi na mbili, hiyo ni kama saa kumi na nusu au kumi na moja alfajiri. Asiyeweza aamke mapema awezavyo, mradi amelala vya kutosha. Kisha ifuate abhyanga, yaani kujipaka mafuta na kujikanda. Vagbhata ameisifu kwa kila siku, akakazia zaidi kichwa, masikio na nyayo. Mafuta yanayosifiwa zaidi ni ya ufuta, nasi tuna bahati kwamba ufuta unalimwa hapahapa Afrika Mashariki. Wakati wa joto kali wengi hupendelea mafuta ya nazi. Bakuli la mafuta liwekwe ndani ya maji ya moto hadi mafuta yapate uvuguvugu, wala yasiwekwe juu ya moto. Paka kwa viganja, polepole, dakika kumi hivi. Kwa kuwa nia yetu ni kuisaidia vena, kwenye miguu mkono upande kutoka kifundoni kuelekea gotini, na kutoka gotini kuelekea pajani. Kwenye viungo uzunguke. Halafu oga kwa maji ya uvuguvugu, na uyakaushe mafuta ya nyayoni vizuri ili usiteleze bafuni.

Bibi zetu wa Gujarat na bibi wa pwani hawafundishani jambo hili kwa mara ya kwanza. Wote wamekuwa wakiwakanda wazazi na watoto wachanga kwa mafuta tangu zamani. Tuseme lakini kinachowezekana na kisichowezekana. Kukanda hupasha ngozi joto, hulegeza misuli na hutuliza akili. Hakuzibui ateri iliyozibwa na mafuta. Na mguu mmoja uliovimba ghafla, unaouma na wenye joto kuliko mwenzake, usikandwe hata kidogo: huenda kuna damu iliyoganda ndani ya vena, na kipande chake kikisukumwa kikafika mapafuni, kinaweza kuua. Mguu wa namna hiyo hupelekwa hospitali siku ileile.

Pili ni mazoezi kwa kiasi. Sushruta aliagiza kwamba mtu afanye mazoezi kwa nusu ya nguvu zake. Ukiona jasho limetoka kwenye paji la uso, puani na kwapani, na pumzi imeanza kutokea mdomoni, umefika, usijikamue zaidi. Linganisha na agizo la leo la Shirika la Afya Duniani, kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa juma za mazoezi ya wastani, yaani yale yanayokufanya uhemee lakini bado uweze kuzungumza. Hizo ni dakika 30 kwa siku tano. Mwenye kupenda afanye surya namaskar, salamu ya jua yenye mikao 12, akianza na mizunguko mitatu na kuongeza taratibu. Jirani ambaye mikao hiyo haipatani na dini yake, atembee tu. Kutembea hakuna madhehebu.

Kwa wale wanaofungwa na kazi, tunaomba jambo dogo: kila nusu saa simama. Ukiwa nyuma ya kaunta, inua visigino vyako ukasimama kwa ncha za vidole, kisha shusha. Fanya hivyo mara 20. Kwa kufanya hivyo umeuamsha moyo wa pili bila kupoteza mteja hata mmoja. Na sisi waumini tunayo pradakshina, kuizunguka madhabahu kwa miguu. Wazee wengi siku hizi huzunguka mara moja kwa haraka, kisha huketi kwenye viti vya plastiki kuzungumza saa nzima. Anayeweza azunguke zaidi, polepole. Ibada haitapungua, na miguu itashukuru.

Tatu ni chakula. Sushruta alishauri mtu akimaliza kula asilale papo hapo, bali apumzike kidogo kisha atembee hatua mia. Desturi hii bado inafuatwa India katika nyumba nyingi, na utafiti wa leo umeonyesha kwamba matembezi mafupi baada ya chakula hupunguza kupanda kwa sukari katika damu. Sukari iliyozidi huharibu mishipa midogo, hasa ya macho, figo na miguu. Basi hatua hizo mia ni ulinzi wa mishipa. Zichukulieni kuwa mwanzo. Dakika kumi ni bora.

Juu ya kiasi, Vagbhata aligawa tumbo mafungu manne: mawili ya chakula, moja la kinywaji, na moja liachwe wazi. Atakayeikumbuka kanuni hiyo katika harusi zetu na sikukuu zetu, atakuwa amejitibu nusu. Mlo mkubwa uwe wa mchana. Wa jioni uwe mwepesi na wa mapema. Dengu, choroko, mchicha, matembele, matunda na nafaka zisizokobolewa ni chakula chema kwa Ayurveda na kwa daktari vilevile. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa mapishi yote na vyote vya kutafuna. Hapo ndipo penye mtego wetu, kwa maana achari, papadi, chevdo na karanga za chumvi hazihesabiwi na mtu kuwa chumvi. Samli imesifiwa sana vitabuni, nasi hatuikani. Lakini ilisifiwa kwa watu waliolima, waliosafiri kwa miguu na waliokula mithai siku ya sikukuu. Anayekula ladu kila siku na kupanda gari kwenda duka la pili kutoka nyumbani kwake, asitafute ushahidi wa Charaka.

Wanaofunga nao wasikie. Ekadashi huja mara mbili katika mwezi wa mwandamo, na majirani zetu Waislamu wana Ramadhani. Mfungo ni jambo jema. Lakini mwenye kisukari au anayemeza vidonge vya presha azungumze na daktari wake kabla ya kufunga, ili saa na kipimo cha dawa vipangwe.

Nne ni pumzi. Keti wima, viatu vimevuliwa, mabega yamelegea. Ziba tundu moja la pua, vuta hewa polepole kwa tundu la pili, badilisha, toa. Endelea hivyo dakika tano au kumi, bila kujilazimisha. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba kupumua polepole, kama mara sita kwa dakika, hushusha presha kwa kiasi kidogo. Kidogo si bure. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini mwenye presha ya juu au ugonjwa wa moyo asifanye pumzi za kasi, asizuie pumzi kwa muda mrefu, wala asisimame kichwa chini.

Tano ni usingizi na tumbaku. Charaka alitaja haja 13 za mwili ambazo mtu hapaswi kuzizuia, na usingizi ni mojawapo. Anayekesha na simu hadi saa nane usiku anauibia moyo wake mapumziko. Na tumbaku, iwe sigara, gutka, ugoro au tambuu iliyotiwa tumbaku, hubana mishipa ya damu na kuichakaza. Hakuna mafuta, pumzi wala mzizi utakaolipa deni la tumbaku isipoachwa.

Mitishamba si maji

Wako watakaosema: mmezungumza muda wote huu bila kututajia dawa. Tunakuja huko, kwa hadhari.

Uko mzizi mmoja unaotufundisha pande zote mbili za jambo hili. Unaitwa sarpagandha, na wanasayansi huuita Rauwolfia serpentina. Umetumika India tangu zamani. Mwaka 1931 madaktari wawili wa Kihindi, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika kwamba unashusha presha. Mwaka 1949 daktari wa moyo wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha katika jarida la Uingereza matokeo ya kuutumia kwa wagonjwa wake, na dunia ikasikia. Mwaka 1952 wanasayansi wa Uswisi walitoa katika mzizi huo dawa iitwayo reserpini, ikawa miongoni mwa dawa za kwanza za presha zilizotumika ulimwenguni kote. Tuna haki ya kujivunia. Lakini reserpini hiyohiyo ilionekana kuwatia baadhi ya wagonjwa huzuni nzito na madhara mengine, na leo hutumika kwa nadra. Funzo ni kwamba mmea wenye nguvu ya kuponya una nguvu ya kudhuru pia, na kinachotenganisha mambo hayo mawili ni kipimo na uangalizi. Neno “asilia” lililoandikwa juu ya kopo si kipimo.

Jambo la pili linahusu makopo yenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, wakazipima. Bidhaa 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi hupandisha presha. Mtu anameza unga ili damu yake itulie, kumbe anajiwekea mwilini kitu cha kuipandisha. Kwa hiyo tusinunue dawa isiyo na jina la mtengenezaji, isiyosajiliwa, au iliyoletwa na msafiri katika mfuko wa nailoni.

Jambo la tatu ni mchanganyiko. Tangawizi, kitunguu saumu na binzari ya manjano katika mchuzi ni chakula, na tule kwa furaha. Vikigeuzwa kuwa vidonge au vijiko vya unga kila siku, vinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu kwa mtu anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Mwambieni daktari kila mnachomeza, hata kama ni cha bibi. Daktari mwema hatawacheka.

Tunasema haya kwa uchungu, si kwa nadharia. Mzee mmoja wa jamii yetu, mwenye duka, mtu aliyependwa na mtaa mzima, alimeza vidonge vya presha kwa miaka mingi. Akapata unga ulioahidiwa kuwa utaifungua mishipa yake yote kwa siku arobaini. Kwa kuwa alijisikia vizuri, aliviacha vidonge bila kumwambia mtu. Hapo ndipo presha inapodanganya, maana haina maumivu ya kumwamsha mwenyewe. Kabla ya siku hizo arobaini kwisha alipooza upande wa kulia na ulimi wake ukawa mzito. Anaishi, na anatujua tunapokwenda kumjulia hali, lakini hajaweza tena kuita jina la mjukuu wake. Familia yake ndiyo iliyotuomba tulisimulie jambo hili leo, bila kumtaja, ili nyumba nyingine isipate lililoipata yao. Asiachishwe mtu dawa ya hospitali na yeyote isipokuwa aliyemwandikia. Desturi njema zikishusha presha yako, daktari ataliona hilo katika kipimo, naye mwenyewe atapunguza dawa.

Tuzijue pia dalili za kukimbilia hospitali bila kukanda, bila kunusisha kitu na bila kungoja asubuhi. Uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, na maneno kukorogeka: hizo ni dalili za kiharusi. Kifua kubana kama kimewekewa jiwe, maumivu yakienda begani au taya, pamoja na jasho baridi: huo huenda ni moyo. Maumivu ya shavu la mguu yanayokuja kila utembeapo mwendo fulani na kuondoka usimamapo, nayo yanahitaji daktari, kwa kuwa huenda ateri za mguu zimeanza kuziba.

Mlangoni pa hekalu

Liko jambo moja ambalo sisi tunalifanya kila tuingiapo hapa, na majirani zetu Waislamu hulifanya waingiapo msikitini: tunavua viatu. Tunaomba desturi hiyo ya heshima iwe pia desturi ya afya. Mtu mwenye kisukari cha muda mrefu hupoteza hisia miguuni, na damu ifikayo huko huwa haba. Msumari humchoma asiusikie, malengelenge hupasuka asiyajue, na kidonda kisichopata damu ya kutosha hakifungi. Wengi waliokatwa mguu walianza na kidonda kidogo kuliko punje ya mahindi.

Basi ukivua viatu, itazame miguu yako. Tazama nyayo, na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama, mwanawe au mkwewe amtazamie. Kugusa miguu ya wazee ni desturi yetu ya kuomba baraka, na anayeigusa anaweza pia kuikagua. Umeona weusi, mpasuko, uvimbe, kucha iliyozama, au mguu mmoja baridi kuliko wa pili? Usifunike kwa soksi. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tunamaliza kwa kuomba mapatano ya mwaka mmoja, kuanzia sikukuu hii hadi ijayo. Kila mwenye umri wa miaka 30 na zaidi apimwe presha; akikuta 140 juu au 90 chini, au zaidi, arudie kupima siku nyingine na aende kumwona daktari. Kila nyumba ichague desturi mbili tu katika hizi tulizozitaja, hatua mia baada ya chakula ikiwa mojawapo, na izishike kila siku. Na kila mwenye dawa aimeze. Hatuwaahidi maisha marefu, kwa maana hayo yako mikononi mwa Mungu. Tunachosema ni kwamba miguu, pumzi na kijiko cha chumvi vimewekwa mikononi mwetu.

Waliojenga hekalu hili walitaka liwe mahali pa watoto na wajukuu wao kukusanyika. Tuitunze miili yetu ili tuwepo wanapokusanyika. Mungu awape afya nyinyi na jamaa zenu, waumini na majirani. Chakula cha prasad kitakapokwisha kuliwa, tafadhali msikimbilie viti: uwanja ni mpana, na mwezi unatoka.